Saratani ya mifupa kwa watoto: Jeni zatueleza nini kuhusu kupona?

MTOTO akivimba goti baada ya kandanda shuleni, mzazi wa Kwanza, Kitale au Bungoma hafikirii saratani. Hufikiria teke alilopigwa au kuanguka kutoka kwa baiskeli, na mara nyingi huwa hajakosea. Uvimbe mwingi wa watoto hutokana na majeraha ya kawaida, na mwingine hutokana na usaha ndani ya mfupa au kifua kikuu cha mifupa, maradhi ambayo yana dawa.

Lakini uko uvimbe usiosikia maji moto wala dawa ya kuchua. Wiki tatu zapita, mtoto aamka usiku akilia kwa maumivu, na mguu wazidi kunenepa juu kidogo ya goti. Huo ndio uvimbe tunaouzungumzia katika somo la wiki hii.

Daktari akishathibitisha kwamba ni saratani, swali la kwanza la mzazi huwa moja tu: "Daktari, mtoto wangu atapona?" Zamani daktari alijibu kwa kutazama ukubwa wa uvimbe na kama ugonjwa umeenea. Siku hizi kuna jambo la tatu analoweza kulitazama, nalo ni alama zilizomo ndani ya chembe za urithi za uvimbe wenyewe, ambazo wataalamu huziita jeni. Ni vyema msomaji aelewe alama hizo zinasema nini, na zaidi ya hapo, ni nini zisichoweza kusema.

NI SARATANI GANI HIZI?

Saratani zinazoanzia kwenye mifupa au kwenye nyama laini za mwili, kama vile misuli, huitwa sarkoma. Kwa watoto, aina zinazojulikana zaidi ni hizi:

Ya kwanza ni osteosarkoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza mfupa. Huwapata hasa vijana wanaobalehe, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi. Mara nyingi hutokea karibu na goti, mwishoni mwa mfupa wa paja au mwanzoni mwa mfupa wa muundi, na wakati mwingine begani.

Ya pili ni sarkoma ya Ewing, iliyopewa jina la daktari Mmarekani James Ewing aliyeieleza mwaka 1921. Hii yaweza kuanzia kwenye mfupa au kando ya mfupa, na hupenda nyonga, mbavu na miguu.

Ya tatu ni rabdomiosarkoma, inayofanana na misuli ambayo haijakomaa. Wengi wa wanaoipata ni watoto wadogo wa chini ya miaka 10. Hutokea kichwani, nyuma ya jicho, kwenye kibofu na viungo vya uzazi, au kwenye mikono na miguu.

Afrika Mashariki tunayo pia ya nne, sarkoma ya Kaposi. Hii husababishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, na huwapata zaidi watoto wenye virusi vya Ukimwi. Kwa mtoto yaweza kujitokeza kama tezi zilizovimba bila madoa yoyote kwenye ngozi.

LEBO YA MFUKO WA MBEGU

Mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba mahindi yakiwa bado machanga, huwezi kusimama ukingoni mwa shamba na kutenganisha mbegu ya H614 na ile ya H513. Yote ni majani ya kijani. Hata hivyo, moja hukomaa mapema na nyingine huchukua miezi mingi zaidi, na ukizichanganya utakosea wakati wa kupalilia na wa kuvuna. Atakayekuambia ukweli ni yule aliyehifadhi lebo ya mfuko.

Hali ni hiyo hiyo katika maabara. Daktari anayechunguza uvimbe kwa hadubini mara nyingi huona seli ndogo za mviringo zenye rangi ya samawati zilizobanana. Seli hizo zaweza kuwa za Ewing, za rabdomiosarkoma, au hata za saratani ya tezi. Kwa macho ni majani ya kijani tu. Alama ya jeni ndiyo lebo.

Lebo hiyo huandikwaje? Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, ambazo ni kama vitabu vya maagizo. Seli inapojigawa, vitabu hivyo hunakiliwa. Mara chache sana vitabu viwili hukatika na kurasa zake hubadilishana mahali, hivi kwamba nusu ya agizo moja yashonwa pamoja na nusu ya agizo jingine. Agizo hilo jipya laweza kuiambia seli: jigawe, usisimame. Hapo ndipo saratani inapozaliwa.

EWING NA BURKITT: NDUGU WA SURA, SI WA DAMU

Mwaka 1992 wanasayansi walitambua kurasa zilizoshonwa vibaya katika sarkoma ya Ewing. Jeni inayoitwa EWSR1 katika kromosomu ya 22 huungana na jeni ya FLI1 iliyo katika kromosomu ya 11. Muungano huo hupatikana katika wagonjwa takriban 85 kati ya 100. Karibu wote waliosalia huwa na muungano wa EWSR1 na jeni nyingine ya ukoo huo huo.

Jambo la ajabu ni kwamba ugonjwa huu ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika, wawe wanaishi Kenya au Marekani. Watafiti wamegundua kwamba tofauti ndogo za kurithi kati ya jamii za watu huchangia jambo hilo. Kwa hiyo, daktari wa Bungoma akiona seli ndogo za samawati katika uvimbe wa mtoto, ana sababu nzuri ya kufikiria kwanza saratani ya Burkitt, ambayo ni ya kawaida katika maeneo yenye malaria nyingi ya magharibi mwa Kenya na Uganda. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala.

Lakini nadra si sawa na haiwezekani, na hapa lebo huwa na faida kubwa. Burkitt ina alama yake: jeni ya MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14. Burkitt hutibiwa kwa dawa pekee, na uvimbe wake waweza kunywea katika muda wa siku chache. Ewing huhitaji dawa kwa miezi mingi, kisha upasuaji au miale. Mtoto aliyepewa matibabu ya ugonjwa mmoja ilhali ana mwingine amepoteza muda ambao haurudi.

Kwa mtoto mwenye Ewing, jeni nyingine mbili huongeza habari. Uvimbe ambao jeni zake za STAG2 na TP53 zote zimeharibika huwa mkali zaidi na hurudi kwa urahisi. Hata hivyo, kitu kinachoamua zaidi bado ni kama ugonjwa umeenea siku ya kwanza alipopimwa. Katika nchi tajiri, watoto 7 hivi kati ya 10 wenye Ewing ambayo haijaenea hupona. Ikiwa imeenea, wanaopona huwa chini ya 3.

RABDOMIOSARKOMA: LEBO INAYOBADILISHA DAWA

Katika sarkoma zote za watoto, rabdomiosarkoma ndiyo inayotuonyesha wazi zaidi kazi ya alama za jeni. Kwa miaka mingi madaktari waliigawa katika makundi mawili kwa kutazama umbo la seli. Baadaye ilibainika kwamba umbo laweza kudanganya. Kinachotenganisha watoto wanaopona kwa urahisi na wale wanaohangaika ni swali moja: je, jeni ya PAX3 au PAX7 imeungana na jeni ya FOXO1?

Muungano huo ukiwapo, hasa ule wa PAX3, ugonjwa huwa mkali na huelekea kuenea mapema. Muungano usipokuwapo, matumaini huwa makubwa zaidi. Katika kundi la hatari ndogo, kwa mfano uvimbe wa nyuma ya jicho usio na muungano huo, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hupona katika nchi zenye matibabu kamili. Ila hapa pia kuna tahadhari: uvimbe usio na muungano lakini wenye mabadiliko fulani katika jeni ya MYOD1 huwa mkali sana.

Manufaa ya habari hizi hayaishii katika kutabiri. Mtoto wa hatari ndogo aweza kupewa dawa chache zaidi, akaepushwa na madhara ya baadaye kwa moyo na uzazi. Mtoto wa hatari kubwa hupewa dawa kali tangu mwanzo, badala ya kungojea ugonjwa urudi.

OSTEOSARKOMA HAINA LEBO MOJA

Msomaji angetarajia kwamba osteosarkoma nayo ina muungano wake. Haina. Kromosomu zake huwa zimevurugika mno, mithili ya maktaba iliyopigwa na kimbunga. Jeni za TP53 na RB1, ambazo kazi yake ni kuizuia seli isijigawe ovyo, mara nyingi huwa zimeharibika. Lakini hakuna alama moja ambayo daktari aweza kuipima leo na kusema kwa uhakika huyu atapona, huyu hatapona.

Badala yake daktari hutumia kipimo kingine. Mtoto hupewa dawa kwa wiki 10 hivi kabla ya upasuaji. Uvimbe ukishatolewa, huchunguzwa kwa hadubini. Ikiwa zaidi ya seli 90 kati ya 100 zimekufa, hiyo ni ishara njema. Aidha, mapafu hupigwa picha, kwa kuwa ndiko osteosarkoma hukimbilia kwanza.

Tukumbuke pia kwamba matarajio ya kupona si kitu kilichoandikwa kwenye jiwe. Mwaka 1977 kijana wa Canada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya osteosarkoma akiwa na miaka 18. Aliambiwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupona, ilhali miaka miwili tu kabla ya hapo angeambiwa ni asilimia 15. Tofauti ilikuwa ni dawa mpya. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, akapita kilomita 5,373, kabla ya ugonjwa kurudi mapafuni. Alifariki mwaka 1981. Leo, katika nchi zenye matibabu kamili, vijana 6 hadi 7 kati ya 10 ambao ugonjwa wao haujaenea hupona, na wengi wao hawakatwi mguu.

JE, NI UGONJWA WA UKOO?

Hili ni swali linalovunja nyumba. Mama huambiwa kwamba ugonjwa umetoka kwao, au kwamba kuna mtu aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Sayansi inasema vingine. Miungano ya jeni tuliyoieleza, ile ya EWSR1 na ya PAX, hutokea ndani ya seli moja ya mtoto baada ya mimba kutungwa. Hairithiwi kutoka kwa baba wala kwa mama, na ndugu zake hawatazamiwi kuipata.

Wapo wachache ambao wamerithi. Mwaka 1969 madaktari Frederick Li na Joseph Fraumeni walieleza familia za Marekani ambamo watoto walipata sarkoma na mama zao saratani ya matiti wakiwa bado vijana. Mwaka 1990 ilijulikana kwamba familia kama hizo hurithi jeni ya TP53 iliyoharibika. Ikiwa katika ukoo wako kuna mtoto mwenye sarkoma na jamaa kadhaa waliopata saratani kabla ya miaka 45, mweleze daktari.

Kundi la pili ni watoto waliopata saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe kama jicho la paka gizani. Wenye retinoblastoma ya kurithi wamezaliwa na jeni ya RB1 iliyoharibika, na hata jicho likipona, hatari ya kupata osteosarkoma wanapobalehe hubaki. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale walipotibiwa kwa miale. Mtoto wa namna hii akilalamika mfupa unamuuma, asiambiwe ni maumivu ya kukua. Apelekwe hospitalini.

ALAMA IKIWA SHABAHA YA DAWA

Kuna sarkoma ya watoto wachanga inayoitwa fibrosarkoma, ambayo aghalabu hutokea mkononi au mguuni. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba hubeba muungano wa jeni za ETV6 na NTRK3. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, Marekani iliidhinisha dawa ya larotrectinib inayozima muungano huo moja kwa moja, na watoto ambao wangekatwa viungo wakaweza kuvihifadhi. Dawa hiyo ni ghali mno na wengi hawawezi kuipata. Lakini imeonyesha kwamba alama inayotabiri leo yaweza kuwa shabaha ya tiba kesho.

SAFARI YA KUTOKA KWANZA HADI ELDORET

Tuje sasa nyumbani. Tuseme mvulana wa miaka 13 wa Kwanza ana uvimbe juu ya goti. Zahanati itampeleka hospitali ya rufaa ya Kitale apigwe picha ya eksirei. Picha ikitia shaka, atatumwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Mtoto wa Bungoma naye hupelekwa huko huko kupitia Webuye.

Eldoret atachukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi. Wazazi wengi huogopa hatua hii wakisema kwamba kuugusa uvimbe kwa chuma huuamsha. Ukweli ni kwamba bila kipande hicho hakuna awezaye kujua ni ugonjwa gani. Lililo muhimu ni kwamba kipande kichukuliwe na daktari anayeelewana na yule atakayefanya upasuaji, ili tundu la sindano liwe mahali panapofaa. Kipimo cha jeni zenyewe hakifanywi katika hospitali nyingi za kaunti. Sampuli hutumwa kwenye maabara kubwa, gharama huwa juu na majibu hukawia.

Je, mtoto asiyepimwa jeni amepotea? Hasha. Takwimu zote tulizozitaja zilitokana na watoto waliofika mapema na wakamaliza matibabu. Alama njema ya jeni haimfai kitu mtoto aliyeacha dawa katikati. Utafiti uliofanywa Eldoret ulionyesha kwamba watoto wasio na bima ya afya waliacha matibabu mara nyingi zaidi kuliko wenye bima. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Jeni za watoto hazitofautiani kiasi hicho. Kinachotofautiana ni siku walizochelewa, dawa zilizokosekana na nauli iliyokwisha.

Kwa sababu hiyo, familia ijiandikishe mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ikiwa fedha zimekwisha, usitoroke na mtoto. Mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, umweleze hali ilivyo.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Mzazi ana haki ya kuuliza, tena kwa lugha anayoielewa. Andika maswali haya kwenye karatasi:

1. Saratani hii ni ya aina gani, na imethibitishwa kwa njia gani?

2. Imeenea hadi mapafuni, kwenye mifupa mingine au kwenye uboho?

3. Kuna kipimo cha jeni ambacho majibu yake yatabadilisha matibabu ya mtoto wangu? Ikiwa hayatabadilisha chochote, kuna haja ya kulipia?

4. Matibabu yatachukua miezi mingapi, na tutahitaji kusafiri mara ngapi?

5. Mguu waweza kuokolewa? Ikiwa hauwezi, mguu wa bandia utapatikana wapi?

Daktari akikujibu kwamba 7 kati ya 10 hupona, elewa vyema maana yake. Hakusema kwamba mtoto wako atapona kwa asilimia 70, kwani hakuna mtoto anayepona sehemu na kubaki sehemu. Amesema kwamba kati ya watoto 10 wanaofanana na wako, waliotibiwa hadi mwisho, 7 walipona. Nambari hiyo humsaidia daktari kuchagua dawa. Haimwambii mzazi akate tamaa, wala haimwambii alegee.

YA KUZINGATIA

Uvimbe au maumivu ya mfupa yanayozidi wiki mbili hadi tatu, hasa yanayomwamsha mtoto usiku, yapigwe picha ya eksirei hata kama mtoto alianguka. Uvimbe usichuliwe wala kukandwa na mganga wa mifupa. Mfupa wenye saratani ni dhaifu na huvunjika kwa urahisi, na kila wiki ya kukanda ni wiki ambayo ugonjwa waweza kufika mapafuni. Nyama iliyovimba bila maumivu nayo isipuuzwe, kwa sababu rabdomiosarkoma nyingi haziumi mwanzoni.

Kabla ya kuliweka gazeti kando, jipime: Kwa nini seli zinazofanana kwa hadubini zaweza kuhitaji dawa tofauti? Ni muungano gani unaoifanya rabdomiosarkoma kuwa kali? Kwa nini mtoto aliyewahi kuugua saratani ya jicho achunguzwe mifupa yake ikimuuma? Ukiweza kuyajibu, mweleze na jirani mwenye mtoto anayechechemea.